Bandari Iliyouzwa kwa Risiti

Desemba 2018, kila matatu niliyopanda Mombasa ilikuwa na gumzo moja: ati Wachina wataichukua Kilindini kwa sababu ya deni la reli. Serikali ikakana. Mimi nikaanza kutafuta bandari ambayo kweli iliishia mikononi mwa kampuni ya Kichina, nione mambo yaliendaje. Nikafika Piraeus, bandari ya Athens.

Huko hakuna kilichonyakuliwa usiku. Iliuzwa, tena kwa risiti. Mwaka 2009 COSCO, kampuni ya serikali ya China, ilianza kuendesha sehemu ya makontena kwa mkataba wa miaka 35. Kisha madeni yakaikaba Ugiriki, wakopeshaji wakataka mali ya umma iuzwe, na 2016 COSCO ikanunua asilimia 51 ya kampuni ya bandari kwa yuro milioni 280.5. Asilimia 16 zaidi ingezipata baada ya miaka mitano, ikishamaliza ujenzi ulioandikwa kwenye mkataba.

Kibiashara, tusidanganyane, mambo yalinoga. Kufikia 2019 Piraeus iliongoza Bahari ya Mediterania yote kwa makontena.

Shida ilikuwa huo ujenzi. Ulikuwemo upanuzi wa gati la meli za watalii, na ili meli zipite, bahari ichimbwe na tope likamwagwe Ghuba ya Saronic. Sasa, tope la bandari si tope la mtoni. Limekaa na mafuta na taka za meli miaka na miaka. Wakazi wakaandamana, wakaenda kortini.

Na hapa ndipo niliposoma mara mbili. Ilipofika 2021 ujenzi haukuwa umekamilika, lakini bunge lilibadilisha masharti na COSCO ikapewa hisa zake, zikawa asilimia 67. Mwaka uliofuata mahakama kuu ya utawala ikawaunga mkono wakazi: tathmini ya mazingira iliyohitajika haikufanywa. Walishinda kesi wakati hisa zilishakwenda.

Mwaka 2023, serikali yetu ilipotangaza nia ya kukodisha sehemu za bandari za Mombasa na Lamu, nilimsimulia mjomba wangu, mvuvi wa Likoni, hadithi hii yote. Alisikiliza huku akishona wavu. Asilimia hazikumshughulisha.

“Hilo tope,” akauliza, “walisema watalimwaga umbali gani na wavuvi?”