Kumbukumbu ya grafiki: ile namba 128 ilitoka wapi?

Haya, leo tuongee kuhusu namba moja. Chukua laptopu yoyote ya miaka ya 2010 yenye grafiki za Intel na Windows, fungua maelezo ya skrini, na kwa kawaida utaikuta imekaa hapo: kumbukumbu maalum ya video, MB 128. Haijalishi RAM ni GB 4 au GB 16. Kijana ananunua ex-UK mjini, anaweka gemu, gemu inamwambia kumbukumbu ya grafiki haitoshi, naye anakuja na swali ambalo nimeulizwa mara nyingi kuliko swali jingine lolote la mashine: nitaiongezaje? Ameshaingia BIOS. Ameona tarehe, nenosiri na mpangilio wa kuwasha, basi. Grafiki hazimo. Kinachofuata ni kutafuta video inayofundisha kuandika baiti moja kwa moja ndani ya BIOS, na hapo ndipo laptopu iliyonunuliwa kwa akiba ya miezi sita inaweza kugeuka sinia.

Kabla hujafika huko, ndugu msomaji, nipe dakika chache tupitie historia. Hiyo ndiyo inayoonyesha lini namba hii ilikuwa na uzito na lini ilibaki jina tu.

Tarakilishi nyingi za nyumbani za zamani zilikuwa na kumbukumbu moja kwa kazi zote. BBC Micro Model B ya 1981 ilikuwa na KB 32, na ukichagua modi za skrini za juu kabisa, KB 20 zilikwenda kwenye picha. Aliyeandika programu alibaki na chini ya KB 12, akajipange humo! IBM PC ya mwaka huo huo ilifuata njia nyingine: skrini ilipewa kadi yake yenye kumbukumbu yake, KB 4 kwa kadi ya maandishi ya MDA na KB 16 kwa CGA. Aina ya skrini uliitangaza kwa kubonyeza swichi ndogo zilizokuwa kwenye bodi. Menyu haikuwepo, nenosiri halikuwepo, ulichohitaji ni kucha. IBM wenyewe walijaribu kuunganisha tena kwenye PCjr, iliyoanza kuuzwa 1984, na prosesa ikawa inapanga foleni na skrini kwenye kumbukumbu ile ile. Mashine ikawa polepole, na watu walilalamika.

Kwa hiyo kwa miaka mingi kadi ya grafiki ilibaki na kumbukumbu yake. Kilichobadilisha mambo ni bei. Mwaka 1999 Intel walitoa chipseti ya 810, grafiki zikiwa ndani ya chipseti na picha zikikaa kwenye RAM ya kawaida. Mimi nilikuwa bado sijaanza shule ya chekechea, lakini mashine nyingi za bei nafuu nilizozikuta baadaye zilikuwa ni wajukuu wa chipseti ile.

Hapa kuna jambo ambalo ukilielewa mengine yote yatakuwa rahisi. Mashine inapowashwa hakuna mfumo endeshi, hakuna draiva, lakini skrini lazima ionyeshe kitu. BIOS basi inakata kipande cha RAM, inampa chipu ya grafiki, kisha Windows au Linux ikiuliza "kuna RAM kiasi gani?" BIOS inataja iliyobaki tu. Kile kipande hakimo kwenye hesabu. Ndiyo maana watengenezaji wa draiva za Linux wanakiita kumbukumbu iliyoibwa, na jina hilo nalipenda kwa sababu linasema ukweli.

Lakini kipande hicho kilikuwa ni cha kuanzia tu. Tangu 810, chipu za Intel zina jedwali la anwani linaloziwezesha kutumia kurasa za RAM zilizotawanyika kokote. Draiva ikishaamka inaomba kurasa kwa mfumo endeshi kadiri inavyohitaji na kuzirudisha kazi ikiisha. Intel waliita mbinu hiyo DVMT. Kwa hiyo tangu siku ya kwanza kulikuwa na vitu viwili: kilichoibwa na BIOS, ambacho hakirudi, na kinachokopwa na draiva, ambacho hupanda na kushuka. Vurugu zote zilizofuata zimetokana na kuvichanganya viwili hivi.

Sasa, kuna wakati kilichoibwa kilikuwa na maana kweli. Laptopu za chipseti za 830M na 855GM, mwanzoni mwa miaka ya 2000, nyingine zilitoka kiwandani BIOS ikiwa imetenga MB 1 au pungufu, na bila menyu ya kubadilisha. Watumiaji wa Windows hawakujua, kwa sababu draiva yao ilijipangia skrini yenyewe. Kwenye Linux ilikuwa balaa. XFree86 ilitegemea BIOS ya video kubadilisha modi, na BIOS hiyo ilikataa modi yoyote isiyotosha ndani ya kipande kilichoibwa. Piga hesabu: pikseli 1024 mara 768 kwa biti 8 ni KB 768, inatosha. Kwa biti 16 ni MB 1.5, haitoshi. Una laptopu mpya yenye mamia ya megabaiti za RAM, lakini unaona rangi 256 kama uko 1990.

Walichofanya waandishi wa programu huria ni ujanja ninaoupenda mpaka leo. BIOS ya video, mashine ikiwaka, hunakiliwa kwenye RAM. Nakala hiyo unaweza kuihariri. Zikatokea programu ndogo zilizokwenda moja kwa moja kwenye nakala na kubadilisha inachokijua: nyingine zilidanganya ukubwa wa kumbukumbu, na nyingine, kama 855resolution na 915resolution, ziliongeza modi za skrini pana ambazo kiwanda hakikuziweka. Ukizima mashine, kila kitu kinarudi kama kilivyokuwa. Hakuna kilichoandikwa kwenye chipu, hivyo hakuna cha kuua. Mwaka 2007 draiva ya Intel ya Linux, toleo la 2.0, ikaacha kabisa kuiuliza BIOS ya video na kupanga modi yenyewe. Tatizo likaisha, na programu zile zikastaafu kwa heshima.

Mwaka huo huo wa 2007 namba ilipata umaarufu upande wa Windows. Vista ilikuja na Aero, vile vioo vya dirisha, na kwa kibandiko cha Premium Ready Microsoft walitaka grafiki zenye MB 128. Namba hiyo ikaingia vichwani mwa watu. Kichekesho ni kwamba kilichowaumiza wanunuzi wengi hakikuwa megabaiti. Chipseti ya 915 iliruhusiwa kuvaa kibandiko cha Vista Capable ingawa haikuwa na draiva ya aina mpya ambayo Aero iliihitaji. Hata ungeipa kumbukumbu kiasi gani, vioo visingetokea. Kesi ilifunguliwa Marekani 2007, na barua pepe za ndani zilizotolewa hadharani 2008 zilionyesha wakubwa wa Microsoft wenyewe wakilalamikia mashine walizonunua. Mwaka 2009 jaji aliondoa ruhusa ya kuiendesha kama kesi ya kundi.

Baada ya hapo, kwa Intel, kipande kilichoibwa kilikwisha umuhimu kwa mtumiaji wa kawaida. Skrini ya 1366 kwa 768 yenye rangi kamili inahitaji kama MB 4. Ya 1920 kwa 1080 inahitaji kama MB 8. Mengine yote, yaani picha za gemu, madirisha na video, yanakopwa kwenye RAM, na Windows kwa kawaida huruhusu mpaka karibu nusu yake. Ile 128 unayoiona ni tamko la draiva. BIOS ya laptopu hiyo hiyo inaweza kuwa imeiba MB 32 tu, na hakuna kinachopungua.

Basi kwa nini gemu inalalamika? Kwa sababu aliyeiandika alisoma namba isiyo sahihi. Aliuliza kumbukumbu maalum akasahau ya kukopa. Nasema hivi kama mwandishi wa programu: ni kosa la uvivu, na nimeliona sana. Kuna dawa yake isiyogusa BIOS hata kidogo. Ndani ya Registry ya Windows, chini ya HKEY_LOCAL_MACHINE\Software\Intel, unatengeneza kifunguo kinachoitwa GMM na ndani yake thamani ya DedicatedSegmentSize, mathalani 512. Draiva itaanza kutamka 512 na gemu itakubali kufunguka. Kasi haitaongezeka. Umejibu swali la kipumbavu kwa jibu la kipumbavu, na nyote wawili mmeridhika.

Turudi kwenye ile menyu iliyofichwa. Nasema iliyofichwa kwa sababu mara nyingi haijaondolewa. Kampuni za kuandika BIOS ni chache, AMI, Insyde na Phoenix zikiwa ndizo zinazojulikana, na zinawauzia viwanda vingi msimbo unaofanana. Kiwanda cha laptopu huchukua menyu nzima kisha kuficha kurasa. Sababu naielewa: kila kitufe unachokiacha wazi ni simu za malalamiko kesho. Tangu UEFI ichukue nafasi ya BIOS ya zamani, mipangilio hukaa kwenye chipu ile ile ya flashi iliyobeba programu ya kuwashia. Watu wakajifunza kufungua faili ya BIOS, kutafuta mstari wa DVMT Pre-Allocated, kusoma uko baiti ya ngapi, na kuiandika kwa amri ya setup_var.

Waliokuwa na sababu nzuri ya kufanya hivyo ni wale wa Hackintosh, waliokuwa wakiweka macOS kwenye laptopu zisizo za Apple. Draiva za Apple zilitegemea kipande kilichoibwa kiwe kikubwa kuliko MB 32 ambazo laptopu nyingi zilitenga, na zikikikosa mfumo mzima ulianguka. Hawa hawakufuata namba kwa ajili ya sifa. Na hata wao, wengi walihamia kwenye kubadilisha madai ya draiva badala ya kugusa BIOS, ujanja wa 855 umerudi na nguo mpya.

Hatari ni hii: baiti ile haikai mahali pamoja kwenye kila toleo. Ukifuata maelekezo ya mtu mwenye modeli kama yako lakini toleo jingine la BIOS, unaandika kwenye mpangilio mwingine kabisa. Kutoa betri ndogo ya saa huenda kusisaidie kitu, kwa sababu mipangilio iko kwenye flashi. Hapo ni kutafuta fundi mwenye kifaa kama CH341A, abane chipu na kuiandika upya, na uombe Mungu awe na nakala nzuri. Kwa ex-UK kuna kikwazo cha ziada: nenosiri la msimamizi lililoachwa na kampuni iliyomiliki mashine. Uliza kabla ya kulipa. Mwambie muuzaji aiwashe na aingie BIOS ukiona.

Kwa AMD hadithi ni tofauti kidogo, na ni haki niiseme. Wao huiba vipande vikubwa: MB 512, hata GB 2. Kwenye laptopu ya GB 8 iliyoibiwa GB 2, Windows inabaki na 6, na hapo mtu ana haki ya kutaka kupunguza, jambo ambalo watu husahau kuwa linawezekana. Steam Deck ya 2022 iliacha chaguo hilo wazi, mathalani GB 1 au GB 4. Halafu yakaja mambo ya kuendesha modeli za lugha nyumbani, na viwanda vilivyofunga menyu kwa miaka 20 vikaanza kuifungua. AMD walileta mpangilio wa kubadilisha kipande hicho kutoka ndani ya Windows 2024, na mashine za Ryzen AI Max za 2025 zenye GB 128 zinaweza kuzipa grafiki GB 96. Intel nao 2025 waliongeza kitelezi cha kiasi cha kukopa kwa prosesa zao mpya za Core Ultra. Laptopu ya mtumba ya kizazi cha nane haimo kwenye sherehe hiyo.

Yenye ukata ni kasi ya RAM. Grafiki hizi zinakula sahani moja na prosesa. Kijiti kimoja cha DDR3-1600 hupitisha GB 12.8 kwa sekunde, viwili vikiwekwa kwa jozi hupitisha 25.6. Fungua kifuniko cha chini. Kama kuna nafasi moja tupu, hela uliyotaka kumpa fundi wa BIOS inunue kijiti cha pili, na hiyo utaiona kwenye gemu.

Ukitaka kujua mashine yako imeibiwa kiasi gani, washa Linux kutoka flashi na uandike hivi:

sudo dmesg | grep -i "graphics memory"

Kwenye Intel itakuonyesha anwani ya mwanzo na ya mwisho, utoe moja kwa nyingine. Kwenye AMD tafuta vram, na mstari wa pili, wa GTT, ndio unaoonyesha kiasi cha kukopa.