Rupia ya Bibi na Sharubu za Kaiser

Bibi yangu wa Shinyanga alikuwa na rupia moja ya fedha. Ilikuwa imetobolewa tundu karibu na ukingo na aliivaa shingoni kwa uzi mweusi. Alipofariki rupia ikaenda kwa mjomba, ambaye anafanya biashara ya dhahabu kule Katoro, Geita. Mwaka jana mjomba aliamua kuiyeyusha. Aliiweka kwenye mizani mbele yangu, akasoma gramu 11 na kitu, akasema, "Fedha hiyo, mjomba. Hela." Nikamlipa bei ya mizani yake akaniachia, ila alinicheka sana. Kwake ile ilikuwa gramu tu. Mimi nilikuwa natazama sharubu.

Maana rupia ile ina sura ya Wilhelm wa Pili, Kaiser wa Ujerumani, amevaa kofia ya chuma yenye tai juu yake. Chini ya pua kuna zile sharubu maarufu, ncha zimesimama kama pembe za ng'ombe wa Kisukuma. Hazikusimama zenyewe. Kinyozi wake wa Berlin, François Haby, alizitengeneza kwa nta na kitambaa cha kufunga usoni, kisha akauza dawa hiyo kwa jina la Kijerumani Es ist erreicht, yaani "imefanikiwa". Wanaume wa Ujerumani wakafuata, na maofisa waliokuja huku nao wakasimamisha za kwao.

Sasa fikiria mkulima wa Usukuma wa wakati ule. Amri ya kodi ya nyumba ilitolewa mwaka 1897, na kijijini ilikuwa rupia 3 kwa nyumba. Huyu mkulima hakuwahi kumwona Kaiser wala hakuwa na haja ya kumwona, lakini ili nyumba yake isalimike ilibidi atafute uso wake mara tatu kwa mwaka. Sidhani kama kuna mtindo wa nywele uliowahi kutangazwa kwa nguvu kuliko huo. Heller, zile sarafu ndogo zilizokuja mwaka 1904, zilikuwa na taji tu. Sharubu zilikaa kwenye fedha, kwenye hela ya kweli.

Waingereza nao walikuwa na lao. Kwa miongo kadhaa kanuni za jeshi lao zilimkataza askari kunyoa mdomo wa juu: kidevu nyoa, sharubu acha. Hivyo vita vilipofika Afrika Mashariki mwaka 1914, mzungu wa upande huu na mzungu wa upande ule walikuwa wamefuga kwa amri au kwa kuigana. Wapagazi na askari Waafrika, ambao ndio waliokufa kwa wingi kwa njaa na magonjwa, hawakuulizwa mtindo wanaoupenda.

Mwaka 1916 ndipo mambo yalipogeuka. Meli za Uingereza zilikuwa zimeziba pwani, kwa hiyo sarafu mpya hazikuja tena kutoka Ujerumani. Wajerumani wakaanza kufyatua zao wenyewe Tabora, ndani ya karakana ya reli. Walitoa heller za shaba, kisha dhahabu ya mgodi wa Sekenke, kusini ya Shinyanga, ikawa sarafu ya rupia 15. Zilifyatuliwa zaidi ya 16,000. Hapa ndipo pananivutia kuliko pote: upande mmoja wa sarafu ya dhahabu kuna tembo amenyanyua mkonga, nyuma yake mlima, upande wa pili kuna tai wa dola. Kaiser hayupo. Pengine ilikuwa ni shida ya kuchonga uso kwenye karakana ya reli, pengine mchongaji alipenda tembo. Vyovyote vile, dhahabu ya huku kwetu ilipogeuka pesa kwa mara ya kwanza, zile sharubu hazikuwemo. Tembo mwenyewe ana pembe mbili zilizopinda kwenda juu, lakini hilo nalisema kwa utani.

Haikuchukua muda. Julai 1916 Waingereza waliingia Mwanza, kisha kikosi cha Charles Crewe kikashuka kupitia Shinyanga kuelekea Tabora. Wabelgiji kutoka Kongo wakawatangulia, wakaingia Tabora tarehe 19 Septemba. Wiki chache tu baadaye, Oktoba 1916, jeshi la Uingereza lilifuta ile kanuni ya sharubu. Aliyetia saini ni Jenerali Nevil Macready, ambaye inasemekana alizichukia za kwake na akaenda kwa kinyozi bila kuchelewa.

Sababu inayotajwa sana ni gesi ya sumu. Barakoa haishiki vizuri penye nywele nyingi. Ni kweli kwa Ulaya, ila huku gesi haikutumika. Huku adui alikuwa mbung'o, malaria na kuhara. Hata hivyo mtindo ukifa Ulaya, kwenye makoloni nao hufa. Alexander Moritz Frey, mwandishi aliyetumikia jeshi pamoja na Adolf Hitler, alieleza kwamba Hitler alikuwa na sharubu nene na aliamriwa kuzipunguza kwa sababu ya barakoa. Kikabaki kile kipande cha katikati, mithili ya mswaki. Kaiser mwenyewe alikimbilia Uholanzi Novemba 1918, akafuga ndevu.

Shilingi ya Afrika Mashariki ilipokuja, miaka ya mwanzo ya 1920, ilibeba George wa Tano, binamu yake Kaiser, mwenye ndevu kamili za kibaharia. Kodi ikaendelea. Uso ulibadilika, mkulima akatafuta uso mpya.

Kuna kisa kidogo ambacho watu hawapendi kukitaja, ila mimi nakipenda. Baada ya 1945 sharubu za mswaki zilikuwa laana Ulaya. Huku kwetu hapana. Picha za Mwalimu Nyerere za miaka ya uhuru zinamwonyesha nazo, fupi, safi, hazina shaka yoyote. Nazo ziliingia sokoni, kwani sarafu za Tanzania za 1966, kuanzia senti 5 ya samaki mpaka shilingi ya mwenge, zilikuwa na sura yake. Ulaya ilimwachia Hitler mtindo mzima. Sisi hatukuona sababu ya kumpa. Baba yangu alinyoa hivyo mpaka anastaafu ualimu.

Juzi, kabla ya kupanda basi la kurudi Mwanza, niliingia saluni moja pale Geita mjini. Ukutani kulikuwa na bango la mitindo, vijana wachimbaji wamejipanga kusubiri. Nilimtolea kinyozi ile rupia nikamwonyesha, akaigeuza kwenye mwanga wa taa.

"Hii kitu unaisimamisha na nini, bosi?"

"Nta," nikamwambia.

Akanitazama mdomo wa juu kama fundi anayepima kazi, akatikisa kichwa. "Kwa joto hili la Geita? Itayeyuka kabla hujafika stendi."

Nikamwambia anyoe zote.