Nani Alimbeba Mtoto: Masomo na Malezi Cyangugu

Mama mwenye daftari mkononi na mtoto mgongoni huzungumziwa Rusizi, kusini-magharibi mwa Rwanda, kana kwamba ni kioja cha siku hizi, matokeo ya vyuo kuzidi na wasichana kukosa subira. Historia ya Cyangugu, kama eneo hili lilivyoitwa zamani, yasema vingine. Watu wazima wenye watoto wamekuwa wakitafuta elimu hapa kwa miongo mingi. Kilichobadilika ni kwamba yule aliyekuwa akiwabebea watoto naye ameanza kwenda shule, na ndiyo maana chumba cha kulelea watoto chuoni hakiwezi tena kuitwa hisani kwa mama mmoja mmoja.

Shule za kwanza hazikumfikiria kabisa mtu mwenye mtoto. Mapadri Weupe walifungua misheni ya Mibilizi mwaka 1903, Wapentekoste kutoka Sweden wakaanza Gihundwe mwaka 1940, na darasani aliyetarajiwa alikuwa mtoto au kijana, hasa wa kiume. Mama alipokewa katika mafundisho ya ubatizo na kwenye zahanati. Hata Wabelgiji walipowafungulia wanawake walioolewa mlango wa darasa, kama katika foyer social (kituo cha mafunzo ya akina mama) ya Usumbura, Bujumbura ya leo, mwishoni mwa miaka ya 1940, masomo yalikuwa kushona, kupika, kupiga pasi na kutunza watoto. Yaani mama aliruhusiwa kusoma, mradi somo lenyewe liwe umama.

Chuo Kikuu cha Taifa kilipofunguliwa Butare mwezi Novemba 1963, chini ya padri Mdominiko wa Kanada, Georges-Henri Lévesque, haikuhitajika sheria ya kumzuia mwenye mtoto anayenyonya. Kutoka Kamembe, mji wa Rusizi, ni takriban kilomita 150, sehemu yake ikikata msitu wa Nyungwe, na umbali huo ulitosha. Mambo yaligeuka baada ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994. Nchi iliyopoteza walimu na watumishi wengi kiasi kile haikuweza kungoja vijana wakue. Université Libre de Kigali, iliyoanzishwa 1996, ikajulikana kwa masomo ya jioni. Taasisi ya Elimu ya Kigali, iliyoanzishwa 1999, ikaanza mwaka 2001 kuwafundisha kwa masafa walimu waliokuwa tayari kazini. Mwanafunzi sasa alikuwa na mshahara, ndoa na watoto. Baadaye masomo yakafika Rusizi yenyewe, katika chuo binafsi kilichofungwa na serikali mwaka 2017 na katika kampasi ya Chuo Kikuu cha Rwanda, kilichoundwa 2013. Waliotaka waliweza kuvuka mto wa mpakani hadi Bukavu, nchini Kongo, ambako Chuo Kikuu cha Kikatoliki kipo tangu 1989.

Ratiba ya jioni ilipangwa imfae mfanyakazi. Lakini saa kumi na moja jioni ni saa ya kuwasha moto, kuogesha watoto na kunyonyesha. Baba anayesoma jioni hakwami hapo, na si kwa sababu hana mtoto. Mama alikwama, naye akaja na yaya. Siku ya mtihani utamkuta binti wa miaka kumi na minne au kumi na mitano kivulini nje ya ukumbi, mtoto kafungwa mgongoni kwa kitenge, akingoja mama atoke na blauzi iliyokwisha kulowa maziwa, anyonyeshe upesi, arudi kwenye karatasi yake. Chuo huhesabu hapo mwanafunzi mmoja. Kwa kweli ni wawili ambao masomo yao yamo hatarini, na mdogo ameshalipa.

Watu wataniambia kwamba malezi yetu ni ya ukoo: bibi yupo, shangazi yupo, dada mkubwa yupo. Sikatai kwamba ndivyo ilivyokuwa, ila natazama dada huyo ni nani. Ada ya shule ya msingi ilifutwa mwaka 2003, elimu ya msingi ya miaka tisa ikaja 2009, na sheria ya kazi ya 2018 ikaweka miaka 16 kuwa umri wa chini wa kuajiriwa. Kila hatua ilimtoa binti jikoni ikampeleka darasani, na ilistahili kufanya hivyo. Bibi naye huenda asubuhi yuko mpakani na beseni la mboga. Ukoo haujavunjika, umekwenda shule na kazini.

Wengine hushauri mama asubiri, azae kwanza, asome baadaye. Tanzania ilijifunza jambo hapo. Azimio la Musoma la Novemba 1974 lilitaka wanaoingia chuo kikuu wawe wamefanya kazi kwanza, na wanawake wakapungua, kwa kuwa miaka hiyo ya kungoja ndiyo ya kuolewa na kuzaa. Baada ya muda mfupi serikali ikawaondolea sharti hilo. Uamuzi ulikuwa mwema, lakini ulimsaidia asiye na mtoto awahi. Aliyekwisha kuzaa haukumgusa.

Hoja nzito zaidi dhidi ya chumba cha malezi chuoni ni kwamba Rwanda ina vituo vya malezi, amarerero, na ina sera ya malezi ya watoto wadogo tangu 2011. Vingi kati ya vituo hivyo, hasa vile vya majumbani, hupokea watoto kwa saa chache za asubuhi, nao wengi ni wa miaka mitatu na zaidi. Anayesoma jioni akiwa na mtoto wa miezi saba bado hana pa kumwacha. Gharama? Jengo jipya halihitajiki. Darasa lililo tupu jioni na Jumamosi, lenye mikeka, maji na kiti cha kunyonyeshea, latosha kuanzia. Ghali ni mshahara wa mlezi mtu mzima, na chuo kikimwachia mama aubebe mwenyewe, atarudi kumchukua yule binti wa miaka kumi na minne.