Königsberg ya Sentimita 33

Kando ya barabara ya Kilwa pale Ikwiriri, kama katika miji mingi ya barabarani nchini Tanzania, gari la kwanza la mtoto halitoki dukani. Bodi husukwa kwa waya, magurudumu hukatwa kwenye soli ya kandambili zilizochoka, na mti mrefu unaofika usawa wa kifua ndio usukani: ukizungushwa kushoto, matairi ya mbele nayo yanakata kushoto. Injini haimo. Injini ni mwenye gari. Miguu inakimbia, mdomo unanguruma, na penye mchanga mzito ngurumo inabadilika, kwa kuwa dereva ameingiza gia nzito. Mtu mzima anayepita huona mchezo tu. Lakini mtoto anayejua kwamba mchanga unadai gia nyingine ameshashika jambo ambalo masimulizi mengi ya vita vya Rufiji huliruka: chombo ni nguvu yake kwanza, umbo linafuata.

Ng'ambo wapo watu wazima wenye ugonjwa huohuo. Tangu kampuni ya Meccano ilipoanza kuuza vigari vya Dinky katika miaka ya 1930, na Lesney ikafuata na Matchbox mwaka 1953, vyombo vidogo vimeacha kuwa vya watoto peke yao. Kuna wanaojenga meli, magari na ndege kwa uwiano uliopimwa hadi milimita, na wakikutana hubishana usiku kucha kuhusu injini za ajabu ambazo dunia ilikwisha kuziacha. Ni rahisi kuwacheka. Hata hivyo, kisa maarufu kuliko vyote katika delta ya Rufiji, cha manowari ya Kijerumani Königsberg katika Vita vya Kwanza vya Dunia, mwaka 1914 na 1915, hakieleweki sawasawa mpaka kisomwe kwa jicho lao. Kimezoeleka kusimuliwa kwa mizinga. Mwenendo wake uliamuliwa na injini, na mara nyingi na injini zilizogoma.

Königsberg ilishushwa majini Kiel mwaka 1905. Ilikuwa na urefu wa mita 115, boila 11 za makaa ya mawe na injini mbili za mvuke za aina iliyotawala bahari wakati ule: mvuke huingia kwanza silinda ndogo ukiwa na kishindo chote, ukichoka kidogo huhamia silinda ya kati, kisha silinda kubwa kuliko zote hukamua nguvu iliyobaki. Mvuke mmoja, kazi tatu. Ni ufundi wa kupendeza, lakini pistoni zake hupanda na kushuka mfululizo, na kila kinachopanda na kushuka hivyo huchoka. Wajerumani walilijua hilo, ndiyo maana meli ndugu yake, Stettin, waliifungia turbini za mvuke, ambazo huzunguka tu. (Rufiji yenyewe sasa inazungusha turbini 9 za maji kwenye Bwawa la Julius Nyerere, za megawati 2,115 kwa jumla, kwa hiyo mto umehamia upande wa Stettin.) Alfajiri ya tarehe 20 Septemba 1914, Königsberg ilivamia bandari ya Zanzibar na kuizamisha manowari ya Kiingereza, Pegasus. Pegasus ilikutwa imetia nanga kwa sababu mitambo yake ilikuwa inatengenezwa. Muda mfupi baadaye, kiungo cha pistoni katika injini ya Königsberg yenyewe kilivunjika. Kapteni Max Looff alirudisha meli ndani ya mikoko ya delta, upande wa Salale, na kipande kilichovunjika kikabebwa nchi kavu hadi karakana za Dar es Salaam kutengenezwa upya. Kipande kilirudi na injini ikapona, lakini siku zilikwishapotea. Mwisho wa Oktoba Waingereza walikwishajua meli ilipo na wakaziba milango ya mto. Kwa hiyo lile tendo la Zanzibar linalosifiwa kama ushujaa wa mizinga lilianza na injini mbovu ya upande mmoja na kuishia na injini mbovu ya upande wa pili.

Sasa ichukuliwe Königsberg ijengwe kwa uwiano wa 1 kwa 350, unaopendwa na wajenzi wa meli. Inakuwa na sentimita 33, inatosha kwenye stuli. Sehemu inayozama majini ni milimita 15, maana meli halisi ilihitaji maji ya zaidi ya mita 5, na manowari kubwa za Waingereza zilizoisubiri nje hazikuwa na nafuu ya maana. Ikiwekwa pembeni yake Severn au Mersey kwa uwiano uleule, sehemu inayozama ni milimita 5. Vyombo hivyo viwili bapa vilijengwa Uingereza kwa ajili ya mito ya Brazili, vikanunuliwa na serikali ya Uingereza vita vilipoanza, na vikaburutwa kwa kamba kutoka Malta hadi Mafia. Mita 1.7 tu za maji, kimo cha mtu mzima, zilivitosha. Mtu anaweza kusoma kurasa nyingi kuhusu mbinu za maamiri asipate kuelewa kwa nini kikosi kizima kilizubaa baharini tangu Oktoba hadi Julai. Milimita 10 za tofauti mezani zinamweleza kwa kutazama tu, kama anavyoelewa mvuvi wa delta anayeinua mashine ya boti yake akikaribia fungu la mchanga.

Penye utamu zaidi kwa wapenda injini ni angani. Waingereza walihitaji jicho juu ya mikoko, na jicho la kwanza lilikuwa ndege ya majini ya Curtiss, ya rubani wa kiraia Dennis Cutler, aliyekodiwa kutoka Afrika Kusini pamoja na chombo chake. Ilipoharibika rejeta, iliyopatikana badala yake ilikuwa ya gari aina ya Ford, ikaletwa kutoka Mombasa kwa meli. Kwa hiyo, kwa siku chache za mwaka 1914, juu ya delta ya Rufiji iliruka ndege yenye rejeta ya gari. Mwezi Desemba ilianguka na Cutler akatekwa. Baada yake zilikuja ndege mbili za Sopwith zenye injini ya Gnome Monosoupape, ya nguvu za farasi 100, na hii ndiyo ya kuishangaa. Katika gari, silinda zimetulia na krenki inazunguka. Katika Gnome, krenki imefungwa imara kwenye mwili wa ndege, na silinda zote tisa zinazunguka pamoja na pangaboi. Zinapozunguka zinajipepea zenyewe, hivyo hakuna maji wala rejeta, na uzito unapungua sana. Mafuta yake ya kulainisha yalikuwa mafuta ya nyonyo, hayohayo yanayouzwa leo kwa ajili ya nywele, kwa sababu hayayeyuki kirahisi ndani ya petroli. Yalitumika mara moja na kutemwa, mengine yakimrukia rubani usoni. Kwenye baridi ya Ulaya ilikuwa injini ya kujivunia. Kwenye joto na unyevu wa pwani yetu, ndege zilikataa kunyanyuka na mabomu, na mbao zake zikaanza kuachia gundi. Ikabidi ziletwe nyingine, za Short, kisha nyingine tena, za Farman na Caudron, zikiruka kutoka uwanja uliosafishwa Mafia, kisiwa ambacho Waingereza walikitwaa Januari 1915.

Kuna atakayesema kwamba haya yote ni mapambo, kwani mwisho wa siku ni makombora yaliyoimaliza Königsberg. Tarehe zenyewe zinajibu. Tarehe 6 Julai 1915 Severn na Mersey ziliingia mtoni na kumimina mamia ya makombora, lakini ndege chakavu hazikuweza kubaki juu muda wote kuwaelekeza wapigaji. Mersey ikapigwa, vyombo vikarudi nyuma. Tarehe 11 mizinga ilikuwa ileile. Kilichobadilika ni kwamba rubani John Cull na mwenzake Arnold walibaki juu ya shabaha wakirekebisha kila pigo kwa redio, mpaka makombora yakaanza kupata shabaha. Injini yao ilipopigwa, waliteleza chini bila nguvu huku Arnold akiendelea kutuma masahihisho, wakaanguka mtoni karibu na Mersey na kuokolewa. Looff aliamuru meli ilipuliwe. Wanaoipa mizinga heshima yote wanapaswa kueleza siku ya kwanza ilishindwa nini.

Pingamizi lingine ni zito zaidi. Inasemwa kwamba kupenda mitambo ya vita vya wakoloni ni kupamba mapigano ya wageni wawili waliogombea ardhi isiyo yao, na kwamba sanduku la vipande vya plastiki halina Mrufiji hata mmoja. Sehemu ya pili ni kweli na inauma. Ya kwanza nadhani imekosea mlengwa. Simulizi ya mizinga ndiyo inayowafuta wenyeji, kwa kuwa mzinga huonekana ukifyatuliwa na mabaharia wenye vyeo na majina. Baada ya meli kuzama, mizinga yake 10 ilitolewa majini, ikatengenezewa magurudumu Dar es Salaam, ikaburutwa katika kampeni ya kamanda wa majeshi ya Wajerumani, Lettow-Vorbeck, na leo unaweza kukuta michache kati yake Fort Jesus, Mombasa, na Pretoria, imepakwa rangi. Meli yenyewe iliachwa topeni. Hadi miaka ya 1960 sehemu zake zilikuwa zikikatwa kwa vyuma chakavu, na iliyobaki ikamezwa na tope. Lakini anayeuliza habari za injini analazimika kuuliza swali la fundi: kile kiungo cha pistoni kilifikaje Dar es Salaam, na kilirudije? Hakukuwa na reli kutoka delta wala lori la kukibeba. Chuma cha meli kilikwenda na kurudi kwa nguvu za watu, na kwenye uwiano wa 1 kwa 350 kila mmoja wao angekuwa na kimo cha milimita 5, sawasawa na kina cha Severn.

Wapagazi hao waliendelea kuwa injini ya vita hivyo kwa pande zote mbili, hata Waingereza walipoingia Dar es Salaam mwaka 1916 na kikosi chao cha wapagazi, Carrier Corps, kikapiga kambi. Mahali hapo pakabaki na jina lao, Kariakoo, na ndipo vigari vya plastiki kutoka China vinapofungwa leo kwenye viroba kabla ya kupakiwa juu ya mabasi ya Kusini yanayopita Ikwiriri.