Wasomaji hawanunuliwi: kutoka bodaboda za Busia hadi viungo vya blogu

Leo naweka kando kodi za programu niliyokuwa nikiwaonyesha, tuzungumze historia kidogo. Swali ninaloulizwa na vijana wengi wa huku Butula, hasa wale wanaoanza kuandika mtandaoni, ni hili: nitapataje wasomaji bila kulipia matangazo? Ukilitafuta jibu kwenye intaneti utaletewa orodha za "mbinu kumi" zilizonakiliwa kutoka kwa mtu aliyenakili kwa mwingine. Mimi nadhani jibu zuri zaidi limo katika mambo yaliyokwisha kutokea hapahapa kwetu, Afrika Mashariki. Basi tuanze karibu na nyumbani.

Jina linalojitangaza

Nenda Busia, mwendo mfupi tu kutoka Bumala kwa matatu. Kuanzia miaka ya 1960 kulikuwa na vijana wenye baiskeli waliobeba abiria na mizigo kati ya kituo cha mpaka cha Kenya na kile cha Uganda. Mwendo wenyewe haukuwa mrefu, lakini ulitosha kumchosha mtu mwenye gunia au mtoto mgongoni, na magari hayakuvuka bila makaratasi. Vijana wale waliita wateja kwa neno moja la Kiingereza lenye maana ya mpaka, wakalitamka kwa ulimi wetu na kulirudia mara mbili: boda, boda! Yaani, nakutoa mpaka huu nakufikisha mpaka ule.

Hakuna aliyelipia bango wala tangazo la redio. Abiria ndio walioondoka na neno lile. Lilifika Kampala, likafika Nairobi, likaingia Tanzania, likahama kutoka kwenye baiskeli hadi kwenye pikipiki. Tangu Februari 2018 Busia ina kituo cha pamoja cha forodha kilichozinduliwa rasmi na marais wa nchi zote mbili, na huhitaji tena kukaguliwa mara mbili kama zamani. Sababu ya neno imepungua, neno limebaki.

Angalia jambo lililofanya kazi hapo. Jina lilieleza huduma, lilikuwa fupi, na aliyelisikia mara moja aliweza kulirudia kwa jirani. Tunaoandika mtandaoni tungefanya vizuri kulikumbuka hilo tunapochagua vichwa vya makala.

Salamu za redioni

Hatua ya pili iko kwenye redio. Kama umekulia magharibi mwa Kenya unakumbuka kadi za salamu. Enzi za Sauti ya Kenya, na baadaye KBC, msikilizaji alinunua kadi, akaijaza majina ya watu anaowasalimu, akaituma kwa posta kituoni. Mtangazaji alisoma jina lake na mahali alipo, kisha majina ya wale aliowasalimu. Waliosalimiwa nao walijibu kwa kadi zao. Baada ya miaka michache, mtu wa kijijini ambaye hajawahi kufika Mombasa alikuwa anajulikana Mombasa kwa jina lake la salamu. Wakaanzisha vyama, wakatembeleana, wakachangiana wakati wa misiba.

Kumbuka utaratibu wao. Hukuweza kujisalimu mwenyewe. Ulijulikana kwa kutaja wengine, na wengine kukutaja wewe. Kadi ilikugharimu senti kidogo na muhuri wa posta, lakini umaarufu wenyewe haukuuzwa popote.

Sasa niruhusu nivae kofia yangu ya sayansi ya kompyuta. Mwaka 1998 wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha Stanford, Sergey Brin na Larry Page, walichapisha maelezo ya injini ya kutafutia waliyoiita Google. Kiini chake kilikuwa hesabu iitwayo PageRank. Wazo ni jepesi: kiungo kutoka ukurasa mmoja kwenda mwingine kihesabiwe kama kura. Kura ya ukurasa unaotajwa na wengi ina uzito zaidi. Tena ukurasa ukitaja wengine mia, uzito wake unagawanywa kwa wote mia, kila mmoja akapata kidogo.

Mpenzi wa salamu angelielewa jambo hilo bila hisabati. Kusalimiwa na mtu maarufu ni tofauti na kusalimiwa na mtu asiyejulikana. Na anayesalimu dunia nzima katika kadi moja, salamu yake ni nyepesi.

Wakenya wanashikana mikono

Kulikuwa na njia nyingine kabla ya Google. Katikati ya miaka ya 1990 kijana Mmarekani aitwaye Sage Weil alitengeneza webringi, yaani pete ya tovuti. (Ni yuleyule ambaye baadaye alibuni Ceph, mfumo wa kuhifadhi data unaotumiwa na seva nyingi leo.) Kila mwanachama aliweka kipande kidogo cha kodi kwenye ukurasa wake, chenye viungo vya "inayofuata" na "iliyotangulia". Msomaji alibofya akazunguka hadi akarudi alikoanzia. Mgeni wa mmoja akawa mgeni wa wote.

Mwaka 2004 Daudi Were alianzisha pete kama hiyo kwa wanablogu wa Kenya, ikajulikana kama KBW. Fikiria hali ilivyokuwa. Intaneti yetu ilipita kwenye setilaiti, maana nyaya za chini ya bahari, SEACOM na TEAMS, zilifika mwaka 2009. Saibakafe zilitoza kwa dakika. Wengi waliosoma na kuandika walikuwa ofisini Nairobi au ughaibuni. Mtu mmoja mmoja asingepata wasomaji wa kutosha, lakini pete iliwafanya kuwa mtaa. Wakasomana, wakaachiana maoni, wakabishana, wakajuana kwa sura.

Mwaka huohuo wa 2004, Mtanzania Ndesanjo Macha, akiwa Marekani, alianza Jikomboe, blogu inayotajwa sana kuwa ya kwanza kwa Kiswahili. Alikuwa tayari anajulikana kwa wasomaji wa magazeti, lakini alifanya zaidi ya kuhamisha jina lake mtandaoni. Aliwahimiza wengine waanze, akawaonyesha namna, akawataja. Mmoja wao ni mpiga picha Muhidin Issa Michuzi, aliyeanza blogu yake mwaka 2005 wakiwa Helsinki. Michuzi aliwapa Watanzania walio mbali kitu walichokikosa: picha za nyumbani, harusi, misiba, barabara mpya, nyuso wanazozijua. Wakawa wanarudi kila siku. Ndesanjo naye akawa mhariri wa Afrika kusini mwa Sahara katika Global Voices, mradi ulioanzishwa mwishoni mwa 2004 na Rebecca MacKinnon na Ethan Zuckerman, ambao kazi yake ilikuwa kuiambia dunia wanablogu wa nchi mbalimbali wanasema nini.

Kwa hiyo ukiuliza blogu ya Kiswahili ilipataje wasomaji, jibu ni kwamba aliyetangulia aliwatengenezea viti waliomfuata. Kila blogu mpya ilikuwa mlango mwingine wa kuingilia kwa zile za zamani.

Ni kweli walikuwapo waliotafuta njia ya mkato, wakimwaga viungo vyao kwenye maoni ya kila ukurasa duniani. Januari 2005 Google, Yahoo na MSN walikubaliana juu ya alama ya nofollow: kiungo chenye alama hiyo hakikuhesabiwa kama kura. Maoni taka yakakosa faida kwenye hesabu ya Google, ingawa hayakwisha. Lakini maoni yenye akili hayakupoteza kitu, kwa sababu binadamu anayeyasoma habofyi kwa ajili ya kura. Anabofya kwa sababu anataka kujua huyu aliyesema maneno haya ni nani.

Januari 2008

Hapa ndipo jambo linapoacha kuwa mchezo wa kuhesabu wageni.

Wakenya walipiga kura tarehe 27 Desemba 2007. Matokeo ya urais yalitangazwa tarehe 30, na siku hiyohiyo serikali ikapiga marufuku matangazo ya moja kwa moja kwenye redio na televisheni. Nilikuwa na miaka kumi. Ninachokumbuka ni watu wazima waliokaa karibu na redio wakisubiri habari ambayo haikuja. Huku mpakani familia zilivuka Busia na Malaba kwa maelfu kuingia Uganda, na wengi walipelekwa kambi ya Mulanda, wilaya ya Tororo. Tume ya Waki ilihesabu baadaye watu 1,133 waliouawa nchini.

Katika siku hizo Ory Okolloh alikuwa akiandika kwenye blogu yake, Kenyan Pundit, na watu wakamletea habari za mitaa yao kuliko alivyoweza kuzichapisha peke yake. Tarehe 3 Januari 2008 aliuliza kama kuna mafundi wa kompyuta wanaoweza kutengeneza ramani ya matukio. Erik Hersman, David Kobia, Juliana Rotich na wengine waliitika, na mwezi huohuo Ushahidi ikawa hewani. Baadaye programu hiyo huria ilitumika hadi Haiti, baada ya tetemeko la Januari 2010.

Mimi kama mtu wa programu naulizwa sana kuhusu ramani ile. Kodi yake si muujiza. Muujiza ni kwamba mtu aliuliza swali kwenye ukurasa wake na wenye uwezo wa kujibu walikuwa tayari wanausoma. Walikuwa wamezoeana kwa miaka, kupitia viungo na maoni na pete ile. Wasomaji wa namna hiyo huwezi kuwanunua tarehe 2 Januari ili wakufae tarehe 3.

Kilichovunjika

Lazima niseme pia jinsi mtaa ule ulivyotawanyika. Watu walihamia Facebook na Twitter, kisha WhatsApp, ambako maoni ni mepesi lakini makala ya jana haionekani tena. Tarehe 1 Julai 2013 Google ilifunga Google Reader, programu ambayo wengi tuliosoma habari zake vyuoni tuliambiwa ndiyo ilikuwa meza ya kusomea milisho ya RSS. Tanzania nako, kanuni za maudhui ya mtandaoni za mwaka 2018 zilimtaka mwenye blogu ajisajili na kulipa ada zilizofika shilingi milioni 2.1, kabla hazijapunguzwa miaka iliyofuata. JamiiForums yenyewe ilifunga kwa muda Juni 2018. Fikiria mwalimu anayeandika hadithi jioni kwa kupenda tu: wasomaji alikuwa amewapata bure, sasa anatozwa kwa kuwa nao.

Funzo langu hapo ni kwamba wasomaji wakipitia mlango wa mtu mwingine, mwenye mlango anaweza kuufunga.

Basi wewe unayeanza

Kwa kuwa mliuliza, haya ndiyo ninayoyafanya na ninayowashauri. Uwe na anwani yako mwenyewe, usiishi ndani ya Facebook peke yake. Acha mlisho wa RSS ukiwa wazi. Bado unafanya kazi. Kichwa cha makala kiseme unachobeba, kama wale vijana wa Busia. Andika kuhusu kitu ambacho watu wanakihitaji na hakijaandikwa kwa Kiswahili, kwa mfano jinsi ya kurekebisha simu iliyoingia maji, au utaratibu wa kuvusha mahindi pale Malaba. Kwa Kiingereza utashindana na kurasa maelfu. Kwa Kiswahili mara nyingi utajikuta peke yako, na anayetafuta atakufikia.

Na zaidi ya yote, wataje wenzako. Ukisoma kitu kizuri cha mwingine, weka kiungo na useme kwa nini ni kizuri. Ukipata maoni, yajibu. Ni kazi ya polepole, na kwa miezi ya mwanzo utadhani unaongea na ukuta.

Kwa leo naishia hapo. Kama unaandika kwa Kiswahili mahali popote, niachie anwani yako hapo chini kwenye maoni. Wiki ijayo nitaanza orodha pembeni mwa ukurasa huu, na nitakusalimu kwa jina.