Mali ya Mali: Vipeo Kabla ya Tarakimu

Wanafunzi wangu wa isimu hucheka nikiwaambia kwamba neno mali liliwahi kuwa istilahi ya hesabu. Lakini ndivyo. Al-Khwarizmi, aliyeandika kitabu chake cha aljebra mjini Baghdad katika karne ya 9, alikiita kitu kisichojulikana kilichozidishwa kwa chenyewe mal, neno lile lile la Kiarabu lililotupa mali yetu. Takriban miaka 200 baadaye Al-Karaji akaendeleza: kipeo cha tatu ni kaab, cha nne mal mal, cha tano mal kaab, cha sita kaab kaab.

Hebu tazama ujanja uliomo. Mal ni mbili, kaab ni tatu. Mal kaab ni tano. Majina yanajumlishwa! Ukizidisha mal kwa kaab, jibu unalipata kwa kuyatamka pamoja tu. Kanuni anayokaririshwa mtoto wa sekondari leo, kwamba a² × a³ ni a⁵, imo ndani ya jina lenyewe. Katika karne ya 12 As-Samawal akavipanga vipeo katika jedwali pande mbili za moja, vya kuzidisha huku na vya kugawanya kule, msomaji ahesabu hatua basi.

Ulaya walilitafsiri neno mal kwa Kilatini kuwa census, nalo likageuka zenzi. Hapo, kwa maoni yangu, wakapotea njia. Robert Recorde wa Wales, katika kitabu cha 1557 kilichotuletea alama ya =, alikiita kipeo cha nane zenzizenzizenzike. Kumbe huku majina yanazidishwa: mbili mara mbili mara mbili. Sasa tano utaipataje? Ikabidi itungiwe jina lake, na saba vilevile. Kurahisisha hesabu kukawa kukariri msamiati. Ni Descartes, mwaka 1637, aliyeeneza tarakimu ndogo juu ya herufi, japo mwenyewe mara nyingi aliandika aa badala ya a².

Nasi je? Tuna kipeo na kinyume chake, kipeuo. Kipeo cha pili cha 9 ni 81. Kipeuo cha pili cha 9 ni 3. Mwalimu akitamka haraka, herufi moja inayotenganisha 81 na 3 inamezwa, na aliyeketi nyuma ya darasa anakosa alama. Al-Khwarizmi alikuwa na jidhr, yaani mzizi. Neno mzizi tunalo, tena halifanani na kipeo hata kwa mbali. Mimi ningelichukua hilo.