Usia kwa Watu wa Buha

Wapenzi wa tenzi wanamjua Mwana Kupona, aliyemwusia bintiye mwaka 1858 akiwa mgonjwa. Mwaka 1973 serikali ya Tanzania nayo ilitoa usia, uitwao Mtu ni Afya, kwa vijitabu, redio na vikundi vya kusoma vya watu wapatao milioni mbili: chimbeni vyoo, chemsheni maji, fyekeni vichaka. Kanuni njema, naam. Ila Mwana Kupona alimjua amwusiaye. Kijitabu kilimsemesha Muha wa Kasulu na Kibondo kana kwamba makazi yake kayachagua mwenyewe, ilhali Operesheni Kigoma, iliyoanza 1972, ilikuwa ikiwatoa watu katika miji yao iliyotawanyika vilimani na kuwabananisha vijijini, ambako choo hakikwepeki.